Mkata nyasi wa Spring Valley na trekta aliyoiota miaka miwili

Saa mbili asubuhi, na Millicent Nasimiyu bado hajawasha mashine. Amevua gambuti, anatembea pekupeku juu ya nyasi za mteja wake hapa Spring Valley, Nairobi, polepole, kama mtu aliyeangusha pete.

Anapima umande kwa nyayo. Nyasi zikiwa na maji hushikana chini ya mashine kama ugali kwenye sufuria, injini ikalemewa na mkanda ukaungua. Kwa hivyo anangoja. Na kila akingoja, macho yake huvuka barabara hadi kwenye geti moja jeusi.

Kwa miaka minane, nyuma ya geti hilo alikuwa akikata nyasi akiwa ameketi, juu ya trekta ndogo nyekundu ya Mzee Masila. Mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuiendesha. Miguu ilipomkataa, akawa anamtazama kutoka barazani na kumwelekeza kwa bakora pale alipoacha mstari.

Mzee alifariki miaka miwili iliyopita. Nyumba ikafungwa, trekta ikabaki stoo, nyasi zikafika kiunoni.

“Nilikuwa naiota,” anasema Millicent. “Si ndoto ya mambo mob. Nilikuwa naota tu nimeiketia, na goti hainiumi.”

Ana miaka 47. Alitoka Kimilili akitafuta kazi ya nyumba, akaishia bustanini, na mtaani kwake Woodley anajulikana kama Mama Mashine. Kiwanja kimoja humpa shilingi elfu moja mia tano. Kwa mashine ya kusukuma, akizidisha viwanja viwili kwa siku, goti la kushoto linavimba.

Zedekiah Omollo, askari aliyeachwa kulinda nyumba ya Mzee, alizoea kumkuta akichungulia getini. Kila mara alimuuliza kama amekuja kumwona bwana yake, yaani trekta. Millicent naye alimjibu kwamba amekuja kuona kama bwana analishwa vizuri.

Utani uliisha mwezi uliopita, siku Yvonne, binti ya Mzee, alipokuja na habari. Kiwanja kimeuzwa. Kutajengwa ghorofa. Stoo lazima iwe tupu kufikia Jumamosi jioni, na mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshaitajia trekta bei.

Yvonne alimpa Millicent nafasi moja. Ikikata nyasi kabla ya Jumamosi kuisha, aichukue kwa bei hiyohiyo ya chuma, alipe pole pole. Isipokata, inapanda lori.

“Sitaki kukuuzia maiti, Auntie,” alimwambia.

Moyo wa Millicent ulikuwa umeshaketi kwenye kiti cha trekta, lakini mwenyewe hakukimbilia. Aliwahi kuumizwa na trekta nyingine. Yeye na wenzake wa chama cha kuweka akiba walinunua trekta ya kijani kwa sababu ilikuwa kubwa na ya kupendeza, wakafika kwa mteja wa kwanza, ikakwama kwenye kijia cha kwenda nyuma ya nyumba. Watoto wa jirani walitoka kuangalia. Chama kiliiuza kwa hasara na kuvunjika.

Tangu siku hiyo hutembea na kamba ya katani mfukoni. Kila fundo ni upana wa geti au kijia cha mteja mmoja.

“Zingine nimefungua,” anasema, akiipitisha kamba vidoleni. “Hapa palikuwa kwa Kalekye. Hapa kwa daktari. Sahi zote ni maghorofa, hakuna nyasi ya kukata.”

Ijumaa alikwenda na Mutie, fundi wake wa River Road. Omollo aliwafungulia stoo kwa fahari. Trekta iling'aa kama ya dukani, hata tairi zilikuwa nyeusi ti. Millicent alijikuta akitabasamu peke yake.

Mutie hakutazama rangi. Alilala chali chini yake na tochi, akadungadunga kwa bisibisi pale visu vinapojishikilia. Alipotoka, kiganja chake kilikuwa chekundu kwa kutu.

Ndipo Omollo akasema. Kila Jumamosi aliosha gari la Mzee lililobaki hapo, na akaona vibaya kuiruka trekta. Aliipiga maji ya mpira juu na chini, sabuni na yote. Aliona hiyo ndiyo heshima iliyobaki ya kumpa Mzee.

“Buda, umeiosha mpaka karibu uiue,” alisema Mutie.

Omollo aliketi juu ya ndoo yake. Millicent hakumgombeza. Anasema hata yeye, angekuwa na funguo, pengine angefanya hivyohivyo.

Beringi za visu zilikuwa zimekwama na petroli ya zamani imegeuka gundi ndani ya kabureta. Lakini oili ya injini ilikuwa safi, kutu haijatoboa chuma, na jambo kubwa kwa Mutie, spea zake zinapatikana River Road. Trekta ambayo spea yake lazima iagizwe ng'ambo, alimwambia, ni ya kupigia picha. Millicent aliuvaa mkanda wa trekta uliochakaa begani, akaingia duka baada ya duka akiulinganisha, hadi akapata mpya unaofanana nao.

Jumamosi injini ilikohoa mchana kucha. Lori la vyuma lilikuwa limeshaegeshwa nje ya geti, dereva akila mahindi, ilipokohoa mara ya mwisho na kushika.

Millicent aliinua visu juu kabisa, akapita raundi ya kwanza. Kisha akavishusha na kurudia. Alikata nyasi zote za Mzee, ingawa kila mtu pale alijua zitachimbuliwa. Yvonne alisimama barazani, kando ya kiti kitupu. Lori liliondoka bila trekta.

Millicent alipolaza kamba juu ya trekta, aliona ingepita kwenye mageti na vijia vyote isipokuwa kimoja. Huko ataendelea kusukuma. Kisha akaketi pale pale na kulifungua fundo la geti jeusi. Anasema lilikuwa limekaza sana.

Sasa trekta inalala chini ya turubai katika uwanja wa kanisa karibu na Ngong Road, na malipo yake ni kukata nyasi za uwanja huo. Omollo, aliyebaki bila kazi, ndiye msaidizi wake. Kazi yake ni kukwangua nyasi kwa kijiti na kupangusa kwa brashi. “Maji hagusi,” anasema Millicent. “Hata ya kunywa, akunywe mbali.”

Miaka yote hii, nyasi anazozikanyaga pekupeku ni za wengine. Kwake Woodley mlangoni ni simiti. Anatamani kipande cha ardhi Kimilili, nyumba ndogo, na nyasi ambazo hakuna ng'ombe wala mteja atakayezidai.

“Hapo kamba sitahitaji,” anasema, akivaa gambuti zake. “Trekta itasimama kwanza, alafu ndio nijenge geti la upana wake.”