Ermes na Vanishi Isiyonuka

Ukitaka kumchefua Ermes Zorzut, mtilie maji kwenye divai. Miaka thelathini amepaka vanishi viti vya kiwanda chetu hapa mkoani Friuli, na alijua imekauka kwa kunusa tu. Pua yake tuliiamini kuliko saa ya ukutani.

Halafu bosi wetu, sinyora Nives, akaleta vanishi mpya: nyeupe kama maziwa, haina harufu, inazimuliwa kwa maji na kukaushwa chini ya taa za miale maalumu. Pamoja nayo akaja binti wa maabara, Loredana. Siku ya kwanza tu Ermes alimwona akimimina jagi la maji kwenye pipa.

"Umeona?" akaninong'oneza. "Anachakachua mchana kweupe!"

"Labda ndivyo inavyotakiwa."

"Maji na mbao wamepatana lini? Huyu katumwa kutuharibia kazi, nakwambia."

Maneno hayo akayapeleka kantini. Wiki haikuisha, sote tulikuwa tunamtazama Loredana kwa jicho la pembeni. Hata mimi, aibu yangu, nilianza kuchungulia mkoba wake akipita.

Alhamisi Ermes akaamua kuiokoa vanishi. Loredana alipokwenda kula, yeye, bila kumwambia mtu, akamimina ndani ya pipa kopo zima la tina, kile kiyeyusho kikali tulichozimulia vanishi ya zamani. Viti arobaini vikatoka chini ya taa vina madonge, vinanata, na mnunuzi alikuwa anakuja kesho yake.

Sinyora Nives hakuuliza mara mbili. "Loredana, vua aproni. Nenda kwenu."

Binti akaanza kulia. Ermes akasogea mbele.

"Bosi, ni mimi. Nimetia tina."

"Acha kumkingia kifua, mzee. Wewe hujawahi kuharibu hata stuli."

Sisi nasi tukaguna kumuunga mkono bosi. Shaka aliyoipanda mwenyewe ilikuwa imeshika mizizi, ukweli wake ukakosa pa kuingia.

Ermes akachota vanishi safi kwenye ndoo, akaitia tina mbele ya macho yetu. Ikakatika papo hapo, madonge matupu.

"Mmeona? Binti wa watu hana kosa."

Akafungua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka mbele ya sinyora Nives, akatoka. Nilitaka kumwita, lakini nami nilikuwa miongoni mwa walioguna.