Kaye ya papa ya gari zilizokosana

Leo asubuhi kaye ya papa, baba yangu, imenihukumu, na papa mwenyewe hayuko tena.

Tulikuwa tunatoa vitu mu nyumba yake kule Nyalukemba. Dada yangu mukubwa akaniletea ile kaye, daftari yake ya kazi, ya wakati wa Zaïre.

Kazi ya papa ilikuwa ya ajabu. Alikaa kwenye kiti pembeni ya muteremko, akaandika gari zilizokosana kidogo tu kugongana. Si ajali, hapana. Zile zilizoponea. Chef wake wa kazi alisema njo namna ya kujua barabara itaua wapi, mbele iue.

Amri ilikuwa moja: usisimame, usipige kelele. Dereva akijua anaangaliwa, anatembeza gari vizuri.

Siku moja kamyo, lori kubwa, ilinikosa kidogo tu nikienda masomo. Nikaanguka mu mufereji.
Papa alikuwa pale kwenye kiti.
Hakusimama. Aliinamisha kichwa, akaandika.

Kutoka ile siku nilikuwa napita ngambo ingine ya barabara, yeye kwenye kiti, nisimusalimie. Sikumusemesha vizuri mupaka tulimuzika. (Munilaumu kama munataka.)

Leo nimesoma: «Kamyo na mutoto wa masomo. Freni za kamyo zimeshika. Amepona. Mutoto iko wangu.»
Bic, kalamu yake, imepasua karatasi.

Kisha pale, mu kaye hakuna gari tena. Dada anasema ile kazi iliisha mwezi uleule. Lakini kaye inaendelea, kila siku ya masomo, mupaka mwaka nilimaliza masomo. Neno moja kwa siku.

Amepita.
Amepita.
Amepita.