Jeneza Ndani ya Lifti

Aibu niliyoipata siku ile sijaizoea mpaka leo, na nikipishana na mtu wa Chwaka njiani nashusha macho, hata kama hanijui.

Alifariki jirani yetu Mzee Suleiman, wa ghorofa ya nne katika yale majumba mapya ya Fumba, mtu mpole ambaye hata watoto alikuwa akiwaanza yeye kwa salamu. Kuzikwa azikwe kwao Chwaka, lakini mkewe, Bi Salma, alitaka asaliwe kwanza hapa, baada ya sala ya Ijumaa, kwa sababu ndipo msikiti wetu unapojaa.

Ngazi zetu zina kona za kubana. Mzee Haji, nduguye marehemu, akasema tutateremka pole pole, wanne mbele na wanne nyuma. Mimi nikaona jeneza litainama vibaya.

"Lifti ipo," nikasema. "Kubwa, makabati yetu yote yalipandia humo."

"Na umeme ukikatika?" akauliza Mzee Haji.

"Jenereta lipo, ami. Linabeba jengo zima."

(Hapo ndipo nilipojimaliza, maana mimi nakaa ghorofa ya kwanza na lifti naipanda kwa nadra sana, nilikuwa nasikia jenereta linanguruma, naona taa zinawaka, basi nikatosheka.)

Tukaingia wanne na jeneza letu, mimi na Nassor, mwana mkubwa wa marehemu, na wajomba zake wawili. Tulipopita tu ghorofa ya tatu umeme ukakatika, lifti ikagutuka na kusimama, kukawa giza.

"Ngojeni kidogo," nikasema.

Kweli, jenereta likanguruma, taa ikawaka juu ya vichwa vyetu, na lifti haikusogea. Nikabonyeza vitufe vyote, nikarudia, na kila nikibonyeza najua wenzangu wananitazama mkono.

Mlinzi wa jengo akatuita kwa nje ya mlango. "Jenereta hilo la taa na pampu ya maji tu," akasema. "Mota ya lifti inavuta umeme mwingi, ina waya wake peke yake kutoka laini kubwa, na jenereta halijaungwa huko. Nani kakwambieni inakwenda?"

Tukabaki tumeshika jeneza, jasho linatutiririka, tukasikia adhana, kisha khutba kwenye kipaza sauti, neno kwa neno, kwa kuwa msikiti uko karibu.

"Nisamehe, Nassor," nikasema.

"Soma tu, kaka," akasema, na yeye mwenyewe akaanza Yasini.

Fundi alipofika alipanda kwenye chumba cha mota juu kabisa, akalegeza breki na kuzungusha gurudumu kwa mkono, tukawa tunashuka kidogo kidogo hadi ghorofa ya pili. Mlango ulipovutwa, Mzee Haji alikuwa amesimama pale pale mbele yangu. Alishika upande wa mbele wa jeneza, tukateremka kwa ngazi, na halikuinama hata kidogo.

Msikitini watu walikuwa wameshatawanyika. Tulimsalia sisi tuliotoka naye, na wachache waliochelewa kuondoka, katika msikiti ambao ulikuwa umejaa hadi barazani muda mfupi uliopita.

Baada ya hitma nikaenda kwa Bi Salma. Alikuwa edani, mjane asiyeonekana na wanaume wa nje, basi nikasimama nje ya pazia.

"Shikamoo, Bi Salma. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba." Nikamsikia akisogea karibu na pazia. "Nshakusamehe, mwanangu, hukukusudia. Ila nilitaka asaliwe na watu wengi."

Nikaaga, nikashuka kwa ngazi. Nimejiapiza tu kwamba jambo nisilolijua, hata likiwa dogo vipi, na hata akiniuliza nani, nitamwambia sijui, twende tukaulize.