Magogo ya Arvella

Mke wangu Arvella alizaliwa ng'ambo ya mto, kwenye nyumba ambayo sasa haipo. Alikuwa mfupi, mwenye sauti. Ukimwambia ngoja, umemtukana.

Siwezi kusimulia habari zake bila kusema nilichofanya mimi. Nilipokuwa kijana, serikali ilisema magogo yaliyoanguka vijitoni yanawazuia samaki aina ya salmoni kupanda kutoka baharini kwenda kutaga. Yaondolewe. Nikaajiriwa. Miaka sita, kwa winchi na msumeno, nilivuta kila gogo kutoka Kijito cha Ferrin. Mierezi mingine ilikuwa minene kuliko gari. Kijito kikabaki kimenyooka kama mfereji. Tulisifiwa. Tukapigwa picha.

Kumbe magogo ndiyo yaliyokuwa yanayashika maji. Yalipoondoka, mvua za majira ya baridi zikafagia changarawe yote, ukabaki mwamba mtupu. Salmoni hufukia mayai ndani ya changarawe. Walipanda, wakazunguka, wakafa na mayai tumboni.

Arvella aliliona hilo kabla ya wataalamu. Wakati huo alikuwa anapasua samaki kiwandani. Jioni moja aliingia ndani hata aproni hajavua.

"Mimi napasua samaki mia kwa siku," akasema. "Wewe na winchi yako mmeua wengi kunishinda."

 

Mwaka uliofuata aliacha kiwanda, akaingia ofisi ya uvuvi ya kabila letu, sisi wenyeji wa asili wa mto huu. Alianza kwa kutembea vijitoni kuhesabu samaki waliokufa. Miaka ikapita, akawa msimamizi wa kazi zote za kufufua vijito. Alisumbua mpaka makalavati mabovu yakang'olewa. Alipanda miti kingoni. Aliwazuia ng'ombe wa watu kukanyaga maji, na wenye ng'ombe walimchukia. Cheti hakuwa nacho. Vijana wenye vyeti walimwita Bosi.

Ferrin ndicho kilichomshinda muda mrefu, kwa sababu mwisho wake kinapita chini ya daraja la kaunti. Miaka kumi na moja kaunti ilimwambia hapana, ikihofia magogo yagonge daraja. Alipokubaliwa, hakwenda kwa mtaalamu. Alinishika mkono, akanitembeza kijito kizima.

"Haya, onyesha. Kila gogo lilikuwa wapi?"

Nikamwonyesha. Nilikuwa nakumbuka kila gogo lilipolala. Kiangazi kile tukarudisha arobaini, na mizizi yake, yakiwa yamekandamizwa kwa mawe.

Majira ya baridi ya kwanza maji yalipanda hadi ukingo wa barabara. Hayakuvuka. Lakini kaunti iliogopa, na vuli iliyofuata injinia wao, Bwana Truitt, akaja na kibali cha dharura cha kuyang'oa magogo. Arvella alikisoma jikoni mara mbili, akacheka. Kilikuwa na sharti moja: salmoni wakishataga, mashine haiingii majini mpaka kiangazi.

"Basi tunahitaji jike mmoja tu," akasema. "Mmoja mwenye haraka."

Figo zake zilikuwa zimekufa. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi nilimpeleka mjini kwenye mashine ya kusafisha damu, mwendo wa saa nzima. Siku nyingine aliweka kiti katikati ya njia inayoshuka kijitoni, akakaa na chupa yake ya kahawa, mvua ikimnyeshea. Jumatatu Truitt akamkuta.

"Mama, wewe mgonjwa. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Nimepumzika. Anayehangaika ni wewe."

"Magogo yako yakigonga daraja, nani atajibu?"

"Daraja lako lina kutu. Anza kujibu hilo."

"Nina kibali mimi."

"Najua. Nimekisoma mpaka chini. Wewe umefika wapi?"

Akaondoka. Ila mtu alimwambia Truitt siku za Arvella za hospitali.

Alhamisi nilimfikisha mjini. Alipokwisha kufungwa mipira ya mashine, akanifukuza. "Rudi kijitoni. Usinikalie hapa kama mkoba."

Nilikuta katapila limeshashushwa. Dereva alikuwa Delbert, mtoto wa kaka yake Arvella, mtu wa miaka arobaini. Nikasimama mbele ya mnyororo wa katapila.

"Mzee, pisha."

"Shangazi yako anajua uko hapa?"

"Usimtaje shangazi, mzee. Hii ni kazi tu."

"Hata yangu ilikuwa kazi tu."

Akatazama pembeni. Truitt akanijia, amenilainishia sauti. "Mzee Wendell, si wewe uliyeyatoa zamani? Unaijua shughuli hii kuliko sisi."

"Naijua. Ndiyo maana nasema hapana."

Sikuwahi kumwambia hapana mtu wa kaunti.  Truitt akamwambia Delbert anizunguke, apite majini. Nami nikaingia majini, mpaka mapajani.

Hapo ndipo nilipomwona. Chini kidogo ya magogo, palipokuwa mwamba mtupu, changarawe ilikuwa imetulia upana wa chumba. Jike alikuwa amelala ubavu, anapiga kokoto kwa mkia. Mkia wenyewe umeshachubuka, mweupe. Dume mwekundu alikuwa nyuma yake.

"Delbert! Zima, uje uone."

Akazima, akaja taratibu mpaka nilipo. Tukatazama.

"Anachimba tu huyo," Truitt akapiga kelele kutoka ukingoni. "Kuchimba siyo kutaga!"

Kwa maandishi ya kibali, alikuwa sahihi.

"Basi tungoje," Delbert akasema.

"Hatungoji. Washa mashine!"

"Injini inahitaji kupoa."

"Imewaka dakika kumi!"

"Ni ya zamani, bosi. Inachoka haraka kama mjomba wangu hapa."

Tulisimama saa mbili. Miguu ilikufa ganzi. Truitt alipiga simu, hakupata mtandao, akarudi, akatukana. Jike akachimba, akapima shimo kwa tumbo, akachimba tena. Kisha akashuka ndani akatulia. Dume akaja ubavuni. Wote wawili wakafungua midomo, wakatetemeka, na maji yakawa meupe kama yamemwagiwa maziwa.

Delbert akavua kofia. "Bwana Truitt, wametaga."

"Sijaona yai lolote!"

"Ingia uyaone. Ila ukikanyaga, mimi shahidi."

Hakuingia. Delbert akapanda juu, akalirudisha katapila kinyumenyume mpaka barabarani. Kesho yake alifukuzwa kazi. Sasa anafanya kazi ofisi ya uvuvi.

Nilipomfuata Arvella jioni, nilimsimulia ndani ya pikapu. Hakusema asante.

"Ulisimama wapi?"

"Chini yao, maji yanakoelekea."

"Umbali gani?"

"Hatua kumi."

"Na yule mpumbavu wangu Delbert?"

"Ubavuni kwangu."

"Hamkukanyaga?"

"Hatukukanyaga."

"Nipeleke."

Hakuweza kushuka ukingo. Nikambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi sana. Majike walikuwa wameshafika watatu. Akawahesabu kwa sauti, ili Truitt, aliyekuwa bado ndani ya gari lake pale barabarani, asikie.

Arvella alikufa mwezi Machi, vifaranga wa salmoni wakiwa bado chini ya kokoto. Hakuwaona wakitoka. Niliwaona mimi, nikiwa peke yangu, na sikujua nimwambie nani.

Maji yalipanda tena majira yale ya baridi. Daraja liko palepale. Kiangazi hiki kaunti imeleta barua nyingine ya kutaka magogo yatolewe, bahasha ina jina la Arvella. Niliipeleka mwenyewe ofisi ya kaunti, nikaiweka mezani mbele ya Truitt.

"Mwenyewe hayupo," nikamwambia. "Jibu ni lilelile."