Mtoto Aliyepigiwa Makofi kwa Kutolia

Asubuhi wanawake walimpigia mwanangu makofi kwa sababu hakulia.

Alasiri ya siku ile ile, wanawake wale wale walikuwa wamepiga magoti wakimuomba Mungu mtoto alie.

Aliyemfundisha kunyamaza ni mimi. Na kazi yangu, jamani, ndiyo hiyo hiyo: kufundisha.

Naandika nikiwa sibekafe, kwenye kompyuta za kulipia, hapa mjini Bujumbura. Vidole vyangu bado vinatafuta herufi, kwa hiyo mnisamehe makosa. Lakini someni mpaka mwisho, kwa sababu huko mwisho nina shida na ninyi.

Naitwa Kudra. Kwetu mtaa wa Buyenzi naitwa Mama Houda. Vita vilinikatisha shule nikiwa msichana, nikaja kumalizia kwa masomo ya jioni, mtoto mgongoni, daftari kwenye paja.

Houda wangu ana miaka sita. Anasikia vizuri, anacheka, anapenda kuchezea maji. Ila hasemi. Hata neno moja.

Kwa sababu yake nilipata kazi kwenye sentre, kituo kimoja kinachoshughulika na watoto wenye ulemavu. Kuna wasiosema, kuna wanaouma wenzao, kuna wanaogonga kichwa ukutani. Mimi nawafundisha wanaowalea: akina mama, masista, walimu wa shule za watoto wadogo. Nawafundisha kumtuliza mtoto na kumrekebisha bila fimbo na bila kamba.

Ndiyo, kamba. Nimeingia nyumba nikakuta mtoto amefungwa mguu kwenye kitanda. Na mama yake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu.

Kila mafunzo naanza kwa kuandika ubaoni mistari miwili.

Tabia ni maneno.

Usiondoe tabia kabla hujaweka nyingine mahali pake.

Maana yake ni rahisi. Mtoto anauma wenzake kila akipata kiu? Usimkataze kuuma ukaishia hapo. Mfundishe kugusa kikombe. Ukimnyang'anya meno na kikombe hukumpa, umemwacha na kiu yake.

Maneno hayo nilikuwa nayajua kama Fatiha.

Sasa sikilizeni nilichokifanya nyumbani kwangu.

Parseli yetu ni kiwanja kimoja chenye familia kadhaa, mlango kwa mlango. Risasi zikianza, wote tunakimbilia koridoo ya Radjabu, maana nyumba yake ndiyo yenye matofali mazuri. Radjabu ni dereva wa sentre yetu. Mdomo wake haujui kupumzika, lakini moyo wake ni safi.

Houda alikuwa akisikia mlio wa risasi, anapiga ukelele mmoja mrefu, haukatiki. Sisi wote tumelala chini, tumebana pumzi, na mwanangu ndiye king'ora cha parseli.

Siku moja Radjabu alininong'oneza, "Mama Houda, mutoto wako huyu atatuuza."

"Unataka nimufanye nini?"

"Mi najua? Si we ndiye mwalimu wa mambo hayo? Mushahara unakula wa nini?"

Watu wakacheka chini chini, pale pale chini ya risasi.

Aibu iliyonipata sikuweza kuimeza. Kesho yake nikaanza mchezo.

Namfunika Houda kitenge kichwani. Akinyamaza kidogo tu, nakiondoa kitenge na kumwekea karanga kiganjani. Nilianza na pumzi chache, nikaongeza polepole, kama tunavyofundishwa. Nikamwomba Radjabu agonge bati wakati mtoto amefunikwa. Kimya. Karanga. Agonge kwa nguvu zaidi. Kimya. Karanga.

Risasi ziliporudi, Houda alikaa chini ya kitenge kama mfuko wa mchele.

"Ee bwana," Radjabu alisema, "kumbe mushahara una kazi."

Kisha siku moja Houda akakanyaga kaa la moto lililodondoka jikoni. Nilimwona uso ukikunjamana. Hakulia. Alivuta kitenge changu, akajifunika mwenyewe, akanyoosha mkono.

Nikampa karanga. Nikambusu. Nikajisifu.

Andikeni hilo moyoni, maana mimi sikuliandika.

Siku ya mafunzo ya Ruziba, kule kusini kando ya ziwa, nilimchukua Houda twende naye kwenye gari la sentre, Radjabu akiendesha. Tulipewa darasa moja la shule. Ubao wake haukuwa umetundikwa, ulikuwa umeegemezwa ukutani. Nikaandika mistari yangu miwili. Nikafundisha vizuri, siwezi kudanganya. Halafu nikasema, "Sasa niwaonyeshe mfano wa mwanangu mwenyewe."

Nikamfunika. Mama mmoja akagonga sufuria nyuma yake. Mwingine akapiga kelele. Houda kimya.

Ndipo makofi yakapigwa.

Kulikuwa na mama anaitwa Daphrose, ana mtoto wake Régis, naye hasemi. Alikuja mbele machozi yakimlenga.

"Mwalimu, nionyeshe na mi. Wenye bunduki wakija tunajificha kwenye migomba. Huyu akilia, tunakwisha wote."

Nikamwonyesha. Nikamwachia karanga zangu zote zilizobaki. Régis alishika mchezo upesi kuliko hata Houda, na Daphrose alinikumbatia nusura aniangushe.

Nyuma kabisa alikaa madamu Adélaïde. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Si mtu wa maneno mengi.

"Kudra," alisema, "mtoto akipatwa na shida, atakuita na nini?"

"Madamu, mi niko naye siku zote."

"Nimekuuliza atakuita na nini."

Darasa lote likanigeukia. Nikajibu kwa heshima kwamba tutaliongea baada ya chakula. Moyoni nilikuwa nikisema mengine kabisa: wewe unakaa Rohero kwenye ukuta mrefu na mlinzi, koridoo yetu utaijulia wapi?

Muda wa chakula nilitoka kwenda kusaidia kubeba sufuria. Houda nilimwacha amekaa kwenye benchi. Kitenge changu kilikuwa juu ya kiti.

Bomu la kwanza liliangukia upande wa milima. La pili lilikuja karibu, mpaka vioo vya darasa vikamwagika.

Nililala kifudifudi kwenye majivu ya jikoni. Sijui kwa muda gani. Milio ilipohama, nilikimbia darasani.

Mabenchi yamepinduka. Vioo kila mahali. Mtu hakuna.

"Houda. Houda, we mama. Niko hapa."

Wanawake walianza kurudi mmoja mmoja kutoka kwenye migomba. Kila aliyerudi nilimwangalia mikononi. Hakuna aliyemwona.

Tukaanza kumtafuta. Vyooni. Nyuma ya shule. Kwenye shamba la mihogo. Wengine walishuka mpaka ziwani, na mimi nilisimama nikiogopa wakirudi wataniambia nini, kwa sababu mnajua Houda na maji.

Wote walikuwa wanaita jina lake. Aliyeita kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Daphrose, Régis akiwa mgongoni, kimya kabisa chini ya kanga.

Radjabu alikuja anatweta. "Mama Houda, nimetoka bariere ya barabarani. Wanajeshi wanasema njia inafungwa. Ikifungwa tumebaki hapa, na hapa si mahali pa kubaki leo."

"Nenda na wengine," nikamwambia.

"Nikawaambie nini Buyenzi? Mi siendi."

Hapo ndipo akina mama walipopiga magoti uwanjani. Kila mmoja na dini yake. Mmoja nilimsikia wazi: "Mungu, mufanye alie tu, tumusikie."

Jamani. Mtoto niliyemfundisha wiki kwa wiki asilie, sasa watu wanamuombea kilio.

Madamu Adélaïde alinishika mabega.

"Kudra, niangalie. Mchezo wako unaishaje?"

"Naondoa kitenge. Nampa karanga."

"Na usipokiondoa?"

Nikageuza macho kuelekea darasani.

"Basi mtoto bado anacheza," alisema.

Nilirudi darasani mbio. Nikatazama kwenye kiti. Kitenge hakikuwepo.

Tulipindua kila benchi. Radjabu akasimama ghafla karibu na ukuta, anaangalia chini.

"Hapa kuna maji," alisema. "Humu ndani kuna bomba?"

Hakukuwa na bomba. Yalikuwa yanatokea chini ya ubao, mstari mwembamba unaotambaa kwenye sementi.

Tukauvuta ubao, mimi na yeye, maandishi yangu bado yapo juu yake.

Houda alikuwa amejikunja pale nyuma, amejifunika kitenge changu. Alikuwa amejikojolea. Alikuwa pale tangu mwanzo. Alinisikia nikimwita nikiwa nimesimama mbele ya ubao ule ule. Kadiri nilivyoita, ndivyo alivyozidi kunyamaza vizuri.

Nikaondoa kitenge.

Kipande cha kioo kilikuwa kimemwingia kwenye unyayo. Damu ilikuwa imegandia katikati ya vidole. Mdomo wa chini ameuuma mpaka umevimba.

Aliniangalia. Hakulia.

Akanyoosha mkono, kiganja juu.

Alikuwa anataka karanga yake. Kazi aliifanya, tena kuliko siku zote.

Na mimi sikuwa nazo. Zote nilikuwa nimempa Daphrose.

Akina mama walikuwa wamejaa mlangoni. Wote waliuona mkono ule. Hakuna aliyepiga makofi. Nilitamani sementi ipasuke inimeze.

Radjabu alimbeba Houda, akatukimbiza kwenye gari, na bariere tulipita wanajeshi wakiwa tayari wameishika kamba. Madamu Adélaïde alifunga mguu wa mtoto kwa skafu yake. Njia nzima hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza.

Mwishowe nikamwambia, "Madamu, mi naacha kazi. Sina uso."

"Vizuri. Na wale uliowafundisha leo, nani atawarudia?"

Nikaangalia mguu wa Houda.

"Aibu yako ibebe," alisema, "lakini ibebe ukiwa unatembea."

Basi nimetembea.

Kwanza nilianza na Houda. Sasa mchezo una upande wa pili. Mimi nagonga, yeye anagonga. Ukutani, kwenye beseni, kwenye mlango, popote alipo. Nikigonga anajibu, na akijibu naenda. Akiumia, anagonga bila kungoja mimi. Na kitenge ni cha kwenye koridoo tu, hata huko anagonga kwa kidole kwenye goti langu, hakuna anayesikia ila mimi.

Haikuwa rahisi. Siku za kwanza nilikuwa nagonga, yeye anakimbilia kitenge na kunyoosha mkono. Nilikuwa naingia chooni kulia.

Wiki iliyopita alianguka uwanjani, goti likachubuka. Alikaa kimya, ananitazama. Nikamtazama. Nikachuchumaa, nikagonga ardhi.

Akagonga ardhi. Halafu mdomo ukaanza kutetemeka, na ule ukelele wake mrefu ukatoka, wa zamani, wa king'ora, mpaka ndege wakaruka kwenye paa.

Radjabu akachungulia dirishani na povu la sabuni kidevuni. "Kuna nini huko?"

"Ameumia goti."

"Analia?"

"Analia."

"Alhamdulillah," alisema, akarudi kunyoa ndevu.

Wale mama wa Ruziba nimewarudia nyumba kwa nyumba. Wengine walinipokea, mmoja alinifungia mlango mpaka niliporudi mara ya pili, na alikuwa na haki yake. Wote wameelewa upande wa pili wa mchezo.

Wote isipokuwa Daphrose.

Nilipofika kwake, nyumba ilikuwa wazi haina mtu. Jirani alisema wamekimbia, wamepita mpaka wa Gatumba kuelekea Uvira, upande wa Kongo. Yule aliyeita jina la mwanangu kuliko wote. Yuko huko na Régis, katika mkusanyiko wa watu, na mtoto anajua kunyamaza tu. Akimpotea kwenye umati ule, atamwita mpaka sauti ikauke, na mtoto atakuwa pembeni, amejifunika, anasubiri karanga.

Hii ndiyo shida yangu na ninyi. Sikuandika mnihurumie.

Ninyi mnaolea na mnaofundisha, mtoto akiwa mtulivu msikimbilie kumsifu. Jiulizeni kwanza amenyang'anywa nini mpaka akatulia. Kimya cha mtoto kinatupendeza sisi wakubwa, ndiyo maana kinatudanganya.

Na wewe uliye Uvira, au mwenye ndugu huko, kama unamjua mama wa Ruziba anayeitwa Daphrose, mrefu, ana pengo la mbele, ana mtoto asiyesema, mfikishie ujumbe wa Kudra.

Mwambie nilimfundisha nusu.

Mwambie amwondolee mtoto kitenge, agonge, angoje.