Taa Niliyoiwashia Cheti Changu

Jumatatu tarehe 3 Juni, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, fundi wa mawimbi ya redio alifika kwenye bomba la maji la mtaa wetu hapa Kasongo, bomba ambalo ufunguo wake ninao mimi. Saa hiyo ninaijua kwa sababu niliiandika. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka hamsini na mmoja, baada ya kumzika mume wangu aliyekuwa akinisomea kila kitu. Tangu hapo hakuna jambo linalopita mbele yangu bila kupewa tarehe, hata kuku akitaga.

Bomba lilikuwa limefungiwa mita mpya inayotuma hesabu ya maji kwa redio, bila mtu kuja kuisoma. Fundi alitakiwa kuhakikisha kwamba mita inasema kwenye njia yake tu, tena kwa sauti ndogo, isije ikaingilia redio ambayo hospitali huitumia kuongea na vituo vya afya vya Kabambare. Ikishindwa, ingeng'olewa, na bomba lingefungwa mpaka ije nyingine. Sisi tungerudi mtoni na bidoni zetu, madumu ya maji.

Alisimamisha antena barazani kwangu, akapima kwanza mita ikiwa imezimwa. Mstari kwenye kioo cha chombo chake ulikuwa tambarare.

“Mama, hewa ya hapa iko safi.”

Niliipokea sifa hiyo kana kwamba hewa niliifagia mimi. Nikaona haifai mtu wa vipimo aondoke bila kukiona cheti changu cha shule, kilichotundikwa sebuleni, hatua mbili kutoka alipoketi. Sebule ina giza hata mchana. Nikaingia, nikawasha taa ndogo ya sola, yenye kisanduku chake cha betri, niliyoinunua kwa ajili ya cheti hicho tu, nikaacha mlango wazi.

Yeye naye akawasha mita. Kiooni kikasimama kilima chembamba, cha mita yenyewe, na kando yake kilima cha pili, kipana, kisichoalikwa.

“Mama, hii mita iko naongea pahali haipashwe kuongea.”

“Imefanana na mwenye ufunguo!” akadakia jirani yangu, muuza mafuta ya mawese, aliyekuwa akisubiri maji. “Yeye pia, ukimuuliza saa, anakuelezea mwaka muzima.”

Jumanne fundi alirudia kupima. Nami, kwa heshima ya mgeni, nikarudia kuwasha taa. Kilima kikarudi. Akaandika kwamba mita imeanguka mtihani, kesho ataing'oa. Safari hii jirani hakucheka.

“Dada, miguu yangu haitaweza tena ule mulima wa mutoni.”

Alasiri niliketi na kaye yangu, daftari ninaloandikia tarehe zote, kutafuta kosa la fundi. Niliamini kwamba mtu aliyesoma tangu utotoni lazima awe na uzembe mahali fulani. Jumatatu: saa tatu na dakika tano, taa imewashwa, dakika ya sita, kilima cha pili. Jumanne: saa mbili na dakika hamsini, taa, dakika ya hamsini na moja, kilima. Kosa lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko mzuri sana. Wangu.

Nilifikiria kuchana karatasi ile na kuiacha taa izimike milele. Lakini Jumatano angekuja na spana, si kwa kupima tena. Basi nilimsubiri barazani na kaye ikiwa wazi, nikampa bila salamu ndefu, jambo ambalo si desturi yangu.

Alisoma, akaizima mita, akaingia sebuleni kuiwasha taa mwenyewe. Kilima cha pili kikasimama peke yake.

“Ni hii kisanduku ya taa ndiyo iko natupa makelele, Mama. Mita haina kosa.”

“Kumbe ni taa yako ilitaka kutupeleka mutoni!” akasema jirani.

Fundi aliizima taa, akapima mita upya, akaandika kwamba imefaulu, akaniomba nitie sahihi kama shahidi. Nilitia sahihi pamoja na tarehe, saa na dakika, ingawa aliomba sahihi tu. Kisha nikamuuliza kama, alipokuwa ndani na taa inawaka, alau alikisoma cheti.

“Cheti gani, Mama?”

Jirani alikuwa amekwisha kutega bidoni yake. Nikafungua bomba kabla hajapata la kusema.