Dada Yangu na Gundi ya Kupe

Dada yangu alikuwa na kabati la kupe. Nasema hivi mapema ili mwenye roho nyepesi afunge ukurasa na atuache tuendelee. Kazini kwake, katika chumba chenye joto mwishoni mwa korido ya taasisi ya utafiti, kupe walikaa ndani ya chupa zilizofungwa kwa kitambaa, na kingo za meza zilizungushiwa utepe wa gundi ili atakayetoroka anaswe. Dada alivaa koti jeupe, suruali nyeupe, na soksi nyeupe alizozivuta juu ya suruali, ili mdudu mweusi aonekane akipanda. Jioni, alipopitia kwangu, nilimkung'uta mlangoni kama zulia.

"Unanidhalilisha mbele ya majirani," alikuwa akisema.

"Majirani wanakujua vizuri. Bi Kupe, pita ndani."

Mchumba mmoja alikuja na maua, akamuuliza dada kazi yake ni nini. Akaelezwa kwa kirefu jinsi kupe wanavyolishwa damu ya machinjioni kupitia utando mwembamba. Hakurudi tena. "Hakuuliza hata swali moja," dada alilalamika, na hilo ndilo lililomuudhi.

Mwanzoni aliwachunguza kupe kwa ajili ya magonjwa ya ng'ombe. Kilichobadilisha mambo ni binti yangu. Tunamwita Bosi, kwa sababu anatuamrisha wote tangu alipojua kusema. Alizaliwa na ngozi isiyoshika: ukimgusa kwa nguvu kidogo tu, ya juu inateleza na kuacha kidonda. Wakwe zangu walianza kunong'ona kwamba nimeleta mkosi nyumbani kwao. Dada akawakalisha sebuleni kwangu.

"Ugonjwa huu hautoki upande mmoja," aliwaambia. "Lazima baba atoe na mama atoe, na wote wawili wanaweza kuwa wazima kabisa. Mkitaka kumlaumu mdogo wangu, mlaumuni na mwanenu. Mkimaliza, njooni mtusaidie kufunga vidonda."

Mama mkwe alichukua mkoba wake, akaondoka. Kesho yake asubuhi alibisha hodi, akauliza bandeji inafungwaje. Kwa hilo peke yake ningembeba dada mgongoni maisha yangu yote.

Kufunga hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kubandua. Tuliloweka bandeji kwa maji ya vuguvugu, mume wangu akiimba vibaya makusudi ili mtoto acheke, na bado iling'oka na ngozi. Kati ya vidole ndiko kulikoumiza zaidi. Kila kidonda kilipopona kiliacha kovu, na makovu yalianza kuvuta vidole vishikane. Viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshaanza kuungana shinani, na Bosi huchora kwa mkono huo. Daktari alisema bila kuzunguka: vingine vitafuata, msipopata namna ya kuvitenganisha bila kuvichuna.

Hapo dada akaanza kuwatazama kupe wake kwa jicho jingine. Kupe akiuma, mate yake huganda na kumshikilia siku nyingi; ng'ombe ajikune, ajisugue, habanduki. Lakini akishashiba anaachia mwenyewe, anakwenda zake. Wenzake walishangazwa na huko kushika.

"Kushika kila gundi inajua," dada aliniambia. "Mimi nataka kujua anaachiaje."

Aliifanya kazi hiyo na mwenzake mmoja, Mkemia, mwanamume mwenye kichwa kigumu kama chake. Walikuwa hawapikiki chungu kimoja, ila hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuondoka. Hawakutumia kupe ndani ya gundi yenyewe; waliyaiga tu yale mate. Gundi moja haikushika ngozi yenye jasho. Nyingine ilishika mno, Mkemia akatembea na kipande cha kitambaa mkononi wiki nzima, akidai ni mtindo mpya. Miaka ikapita. Mwishowe wakapata iliyoshika vizuri na kuachia ikiloweshwa kwa maji ya chumvi kidogo, na ruhusa ya kuijaribu kwa wagonjwa ikatoka.

Nilipiga vigelegele jikoni. Dada aliingia bila hata kungoja kukung'utwa, akakaa.

"Bosi haruhusiwi," alisema. "Ndugu wa mtafiti hawaingii kwenye majaribio."

"Nani kaandika upuuzi huo?"

"Mimi."

Nilimkodolea macho.

"Nikimpenda mgonjwa," alisema, "nitaona kidonda kimepona kabla hakijapona. Halafu mtoto wa mwenzio atafungwa dawa isiyofaa kwa sababu ya mapenzi yangu."

Damu ilinipanda. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa, na siyajutii yote. Vidole havikuwa na muda wa kusubiri majaribio yaishe! Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akaondoka.

Siku chache baadaye Mkemia akanipigia simu.

"Dada yako amebwaga manyanga."

"Ameacha kazi?"

"Ameiacha gundi. Amenikabidhi utafiti wote, na funguo, na kupe. Kamati ya maadili ya utafiti imemkubali mtoto, mradi mama yake mkubwa asikanyage chumba cha majaribio wala asione matokeo mpaka mwisho. Kiongozi sasa ni mimi. Sikuomba, dada yangu. Naapa sikuomba."

Nilimkuta dada kwake, anafua zile soksi nyeupe.

"Umefanya nini wewe? Hiyo ni kazi ya maisha yako!"

"Nikibaki ndani, Bosi yuko nje. Nikitoka, anaingia. Tujadili nini?"

Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema ni sabuni. Nilimkumbatia na mapovu yake, nikalia mimi kwa niaba ya wote wawili.

Siku ya kubandua ikafika. Mkono mmoja wa Bosi ulikuwa na bandeji laini tuliyoizoea, mwingine ulikuwa na bandeji ya gundi mpya, zote zikifanana kwa nje, na hata muuguzi hakujua upi ni upi. Dada alikaa kwenye benchi koridoni, nje ya mlango. Muuguzi alilowesha mikono yote miwili, akaanza na wa kushoto. Bosi aling'ata mdomo, kisha akapiga yowe. Nikasikia benchi likilia huko nje. Dada alikuwa amesimama.

Ukafuata wa kulia. Bosi alifumba macho, akakaza mabega. Alisubiri. Akasubiri tena.

"Bandua basi," alifoka, "unanichelewesha!"

"Nimeshabandua," muuguzi alisema.

Bosi akafumbua macho. Kati ya vidole vyake ngozi ilikuwa nzima, hakuna tone la damu. Kabla sijamzuia alikuwa ameshatoka, mkono juu.

"Mama mkubwa, tazama!"

Dada aligeuza uso ukutani, akafumba macho kwa nguvu. "Usinionyeshe, mwanangu. Nimekatazwa kuona."

"Basi usione," Bosi aliamuru. "Toa kiganja."

Mwisho wa korido Mkemia alitupa kisogo, akaanza kusoma tangazo la kuzima moto kwa makini makubwa. Dada akafungua kiganja chake, macho bado kayafumba, machozi yakimtiririka. Na Bosi akaviweka vidole vyake pale, polepole, kimoja kimoja.